Makunyanzi ya Majini: Historia ya Mkono Uliolowa na Elimu ya Neva

Ngozi ya binadamu ikikaa majini kwa muda mrefu hukunjamana katika sehemu mbili tu za mwili, yaani kwenye viganja na vidole vya mikono, na kwenye nyayo na vidole vya miguu, ilhali tumbo, mgongo na mapaja yaliyozama katika maji yale yale hubaki kama yalivyokuwa. Jambo hili, ambalo kila mfuaji, mvuvi na mama aogeshaye mtoto hulishuhudia, lilikaa katika vitabu vya tiba kwa miongo mingi likiwa na maelezo mepesi yenye kasoro, na maelezo yaliyo sahihi zaidi hayakupatikana kwa kuwachunguza watu wenye afya, bali kwa kuwaangalia wale ambao vidole vyao vilikataa kukunjamana. Kwa hiyo historia ya elimu hii ina pande mbili: upande mmoja ni wa watu ambao riziki au vita viliwalazimisha kuishi na ngozi iliyolowa, na upande wa pili ni wa matabibu waliogundua kwamba makunyanzi hayo ni ushahidi wa neva zilizo hai na zinazofanya kazi yake.

Mikono ya wafuaji, wasokotaji kamba na wazamiaji

Miongoni mwa kazi zilizoufanya mkono uliolowa uingie katika maandishi ya kitabibu ni kazi ya kufua nguo kwa ujira. Katika miji ya Ulaya ya karne ya 19, kabla ya mashine za kufulia kuenea, wanawake wengi walishinda kwenye kingo za mito, kwenye nyumba za kufulia na, mjini Paris, kwenye vyombo maalumu vilivyofungwa kandokando ya mto Seine ili wafuaji wainame na kusugua nguo majini. Weupe, ulaini na makunyanzi ya mikono yao vilizoeleka kiasi kwamba madaktari wa sheria, yaani wale wanaochunguza maiti ili kuisaidia mahakama kujua chanzo cha kifo, waliifanya kuwa mfano: ngozi ya viganja na nyayo za mtu aliyeopolewa majini ilielezwa kuwa ni ngozi ya mfuaji nguo, na hali yake ikawa mojawapo ya dalili za kukadiria muda ambao mwili ulikaa majini. Huko Bara Hindi kazi hiyo ilishikwa na jamii za madobi waliorithishana ujuzi kizazi hata kizazi, na uwanja wao mashuhuri wa Mahalaxmi mjini Mumbai, wenye safu za mabirika ya kufulia, ulianza mwaka 1890. Wahamiaji kutoka Bara Hindi ndio walioleta kazi ya udobi katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, ambako dobi akawa mtu anayejulikana katika kila mtaa wenye wafanyabiashara na watumishi wa serikali.

Pwani yenyewe ilikuwa na kazi zake za majini zilizotangulia udobi. Kamba za usumba, ambazo ndizo zilizoshona mbao za mitepe ya Lamu katika zama ambazo chombo kiliundwa bila msumari, zilianzia kwenye makumbi ya nazi yaliyofukiwa katika tope la ufukweni kwa miezi kadhaa mpaka nyama ya kumbi ikaoza na nyuzi zikalegea. Wanawake wa Unguja, Pemba na visiwa vya jirani waliyafukua makumbi hayo maji yakiwa yametoka, wakayapiga kwa magongo, wakayasafisha kwa maji ya bahari na kuzisokota nyuzi zake kwa viganja, na kwa hiyo ngozi iliyolegea kwa kulowa ndiyo iliyokutana na nyuzi ngumu zenye kukwaruza.

Katika Ghuba ya Uajemi, uchumi wa sehemu kama Bahrain, Kuwait, Doha, Abu Dhabi na Dubai ulitegemea lulu, na wazamiaji walitoka pwani ya Arabuni, Uajemi na pia Afrika Mashariki, kwa kuwa wengi miongoni mwa Waafrika waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 walipelekwa kwenye kazi hiyo. Takwimu zilizokusanywa na Mwingereza J. G. Lorimer katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 zinaonyesha kwamba vyombo vya lulu vilikuwa vipatavyo 4,500 na vilibeba watu zaidi ya 70,000. Msimu mkuu ulidumu takriban miezi minne ya joto, na mzamiaji alishuka mara nyingi kwa siku, pua ikiwa imebanwa kwa kibanio, jiwe likiwa limefungwa mguuni ili limzamishe, na vidole vikiwa vimevikwa vifuniko vya ngozi ya mnyama ili chaza wasivikate. Vifuniko hivyo vinaonyesha kwamba wazamiaji walikuwa na ujuzi wao kuhusu ngozi iliyolowa: iliwapasa kuikinga kwa sababu hukatika kwa urahisi, na jeraha linaloingizwa tena majini kila siku halipati nafasi ya kupona. Kazi hiyo ilianguka mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930, wakati lulu za kufugwa kutoka Japani na mdororo wa uchumi wa dunia vilipoua soko, na kwa wazamiaji wengi waliotoka Afrika kuanguka huko kukaja pamoja na kulegea kwa utumwa wenyewe.

Vita na miguu iliyolowa

Jeshi ndilo lililowafanya madaktari waanze kuhesabu gharama ya unyevu, kwa kuwa askari asiyeweza kutembea ni hasara inayoonekana katika daftari la siku hiyo hiyo. Dominique-Jean Larrey, daktari mkuu wa upasuaji katika jeshi la Napoleon, aliandika kuhusu madhara ya baridi na unyevu miguuni wakati jeshi hilo liliporudi nyuma kutoka Urusi mwaka 1812. Karne moja baadaye, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari waliosimama kwa siku nyingi katika mahandaki yaliyojaa maji na tope huko Ufaransa na Ubelgiji walipatwa na ugonjwa uliohusishwa na mahandaki hayo, ambapo mguu hufa ganzi, huvimba, hubadilika rangi na, hali ikizidi, nyama yake huoza. Katika majira ya baridi ya kwanza, ya 1914 hadi 1915, wagonjwa wa namna hiyo katika jeshi la Uingereza walifikia takriban 20,000, na idadi ilishuka pale tu askari walipoamriwa kubadilisha soksi, kukausha miguu, kuipaka mafuta ya nyangumi na kukaguliwa na maofisa wao.

Katika vita vya Vietnam tatizo lilijitokeza kwa sura nyingine, kwa sababu maji ya mashamba ya mpunga na vinamasi vya delta ya mto Mekong hayakuwa ya baridi. Nyayo za askari wa Marekani ziligeuka nyeupe, zikakunjamana kwa kina na kuuma hata wakashindwa kutembea, na Divisheni ya 9 ya askari wa miguu ilipoteza watu wengi sana kwa maradhi ya ngozi. Uchunguzi uliofanywa huko ulionyesha kwamba kikosi kisikae ndani ya maji kwa zaidi ya takriban saa 48 bila kupewa muda wa kukausha miguu, na kanuni hiyo ikafuatwa katika kupanga operesheni. Hata hivyo, elimu hii ilihusu kikomo cha uvumilivu wa ngozi, nayo haikugusa swali la kwa nini ngozi ya wayo hukunjamana kabla ya kuharibika.

Maelezo ya kwanza na kasoro yake

Jibu lililokubalika kwa muda mrefu lilitokana na umbo la ngozi yenyewe. Tabaka la juu kabisa la ngozi limejengwa kwa seli zilizokufa zilizojaa keratini, ambayo ni protini ngumu inayounda pia kucha na nywele, na tabaka hilo ni nene zaidi kwenye viganja na nyayo kuliko kwingine mwilini. Wataalamu walieleza kwamba keratini hunyonya maji na kuvimba, na kwa kuwa tabaka lililovimba limeshikizwa juu ya nyama isiyoongezeka ukubwa, eneo lake la ziada hukosa pa kwenda na kujikunja. Maelezo hayo yalionekana kutosheleza kwa sababu yalieleza kwa nini viganja na nyayo tu ndivyo vinavyoathirika, na pia kwa sababu maiti zilizokaa majini zilikuwa na makunyanzi, jambo lililowafanya watu wadhani kwamba uhai hauhusiki.

Kasoro ya hoja hiyo ni kwamba ilichanganya mambo mawili yanayofanana kwa macho. Kulowa na kulegea kwa tabaka la nje, ambako huendelea polepole kwa saa nyingi na hutokea hata kwa maiti, ni jambo moja; makunyanzi yanayoanza kwa mtu mzima baada ya dakika chache tu za kukaa katika maji ya vuguvugu, na kutoweka muda si mrefu baada ya mkono kukauka, ni jambo jingine. Kama kuvimba kwa keratini kungekuwa sababu pekee, kila kiganja chenye tabaka hilo kingekunjamana sawasawa, awe mwenye mkono ni mzima au ni majeruhi. Ushahidi ulioibomoa hoja hiyo ulitoka kwa majeruhi.

Ushahidi wa vidole visivyokunjamana

Katikati ya miaka ya 1930, madaktari wawili wa London, Thomas Lewis na George Pickering, walikuwa wakichunguza mzunguko wa damu katika vidole vya wagonjwa wenye maradhi ya neva, yaani nyuzi zinazopeleka habari kati ya ubongo na viungo, ambazo kwa Kiswahili huitwa pia mishipa ya fahamu. Lewis alikuwa tayari mtu mashuhuri kwa kazi yake kuhusu moyo na mishipa midogo ya damu ya ngozi, na Pickering baadaye alikuja kuwa profesa wa tiba katika Chuo Kikuu cha Oxford. Waligundua kwamba mgonjwa aliyeharibikiwa na neva ya kati ya mkono, ambayo huhudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na sehemu ya kidole cha pete, alipoloweka mkono wake majini, vidole vya eneo hilo vilibaki laini wakati kidole kidogo, ambacho neva yake ilikuwa salama, kilikunjamana kama kawaida. Ngozi ilikuwa ya mtu yule yule na maji yalikuwa yale yale, na tofauti pekee ilikuwa neva.

Umuhimu wa jambo hilo haukutambuliwa mara moja, na ilichukua zaidi ya miaka 30 kabla ya Seamus O'Riain, daktari wa upasuaji wa Ireland, kuchapisha mwaka 1973 kipimo kilichojengwa juu yake. Mkono wa mgonjwa huwekwa katika maji yenye nyuzi joto 40 kwa dakika 30, kisha vidole hukaguliwa: vilivyokunjamana vina neva inayofanya kazi, vilivyobaki laini vina neva iliyokatika au kuharibika, na makunyanzi hurudi kadiri neva inavyopona. Thamani ya kipimo hicho ni kwamba hakimhitaji mgonjwa kujibu chochote, kwa hiyo kinamfaa mtoto mchanga, mtu aliyezimia na yeyote asiyeweza kueleza anachohisi, wala hakihitaji chombo isipokuwa beseni, maji ya vuguvugu na saa.

Baada ya hapo ushahidi uliongezeka kutoka pande mbalimbali. Mwaka 1974 ilielezwa kwamba wagonjwa wa sistiki faibrosisi, maradhi ya kurithi yanayovuruga chumvi katika jasho, hukunjamana vidole haraka kuliko watu wengine, na hilo likaelekeza macho kwenye tezi za jasho. Mwaka 1977 madaktari wa Uingereza walionyesha kwamba kipimo hiki hupima neva za simpathetiki, ambazo ni sehemu ya mfumo wa neva unaojiendesha bila mtu kuamuru, ule ule unaoharakisha moyo na kutoa jasho. Mwaka 1984 ilichapishwa taarifa kwamba wagonjwa wa kisukari, ambao sukari yao huharibu neva ndogo taratibu, hukunjamana vidole kwa kiasi kidogo kuliko watu wazima wa afya. Hatimaye mwaka 2003 Einar Wilder-Smith na mwenzake huko Singapore walipima mwendo wa damu katika vidole vilivyolowa na kuonyesha kwamba makunyanzi huenda pamoja na kusinyaa kwa mishipa ya damu.

Kwa kuunganisha ushahidi huo, mwenendo wa jambo zima unaelezwa hivi. Viganja na nyayo zina tezi nyingi sana za jasho, na maji huingia kupitia vijitundu vya tezi hizo na kubadilisha uwiano wa chumvi ndani ya ngozi. Badiliko hilo huamsha neva za simpathetiki, ambazo huiamuru mishipa midogo ya damu katika ncha za vidole isinyae, na damu inapopungua, nyama iliyo chini ya ngozi hupungua ujazo na kuivuta ngozi ya juu kuelekea ndani. Kwa kuwa ngozi hiyo imeshikizwa chini kwa nguvu zisizolingana kutoka sehemu hadi sehemu, huzama mahali pengine na kubaki imeinuka mahali pengine, na hayo ndiyo makunyanzi. Maelezo haya yanaeleza pia kwa nini maji ya chumvi hukunjamanisha vidole polepole kuliko maji yasiyo na chumvi, kwani tofauti ya chumvi kati ya maji ya bahari na mwili haivuti maji kuingia ndani kwa nguvu ile ile.

Swali la manufaa

Ilipothibitika kwamba mwili wenyewe ndio unaokunja ngozi, swali lililofuata lilikuwa faida yake. Mwaka 2011 Mark Changizi na wenzake walitoa hoja kwamba makunyanzi ni mifereji ya kuondolea maji kati ya kidole na kitu kinachoshikwa, kwa namna ile ile ambayo kashata za tairi hutoa maji chini ya gurudumu ili gari lisiteleze. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle waliripoti kwamba watu wenye vidole vilivyokunjamana walihamisha gololi na vitu vingine vidogo vilivyokuwa majini kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 12, ilhali vitu vikavu havikuonyesha tofauti. Mwaka uliofuata watafiti wa Berlin walirudia jaribio la namna hiyo na hawakuona faida yoyote, na mjadala ukawa mkali mpaka mwaka 2021, Nick Davis wa Manchester alipochapisha matokeo ya jaribio lililowashirikisha mamia ya wageni wa Jumba la Makumbusho ya Sayansi la London, yaliyoonyesha kwamba mwenye vidole vilivyokunjamana huhitaji nguvu ndogo zaidi kushika kitu kilicholowa kuliko mwenye vidole laini vilivyolowa. Uzito wa ushahidi kwa sasa unaielekea faida hiyo, ingawa matokeo ya Berlin yanabaki kuwa onyo dhidi ya haraka ya kufunga mjadala. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Binghamton, Marekani, walionyesha kwamba makunyanzi ya mtu mmoja hurudia mpangilio ule ule kila anapoloweka vidole, na mmoja wa wanafunzi wao mwenye jeraha la neva ya kati hakukunjamana hata kidogo, kama Lewis na Pickering walivyoona karibu miaka 90 kabla.

Mikono ya leo

Kazi za majini hazijaisha katika Afrika Mashariki. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino na baada ya utafiti wa miaka mingi ulioongozwa na Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi hiyo imebaki mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa. Wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, wakulima hao hukaa majini kwa saa nyingi wakifunga vipande vya mwani kwenye kamba, na utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uliorodhesha uchovu, maumivu ya viungo, matatizo ya macho na majeraha ya makombe na viumbe wa baharini miongoni mwa mambo wanayoyalalamikia. Mzamiaji wa lulu alikingwa angalau vidole kwa ngozi ya mnyama, na askari wa Mekong alipangiwa saa za kukausha miguu. Mkulima wa mwani, dobi na msafishaji wa samaki sokoni mara nyingi hawana kinga wala ratiba, ijapokuwa elimu ya kuwakinga ipo tangu zama za mahandaki.

Historia hii inatoa wito wa namna mbili. Kwanza, wanunuzi wa mwani, vyama vya ushirika na waajiri wa wafuaji wanapaswa kuhesabu glavu, viatu vya majini na muda wa kukausha ngozi kuwa sehemu ya gharama ya kazi, kwa kuwa jeshi lilipofanya hivyo idadi ya wagonjwa ilishuka. Pili, zahanati za vijijini, ambazo hazina mashine za kupima neva lakini hupokea wagonjwa wa kisukari na watu waliojeruhiwa mikono kwa panga na vyuma, zinaweza kutumia kipimo cha O'Riain kuwa hatua ya awali ya kumtambua anayehitaji kupelekwa haraka hospitali kubwa. Kipimo hicho hakichukui nafasi ya daktari bingwa, ila kinampa mhudumu wa zahanati sababu ya kutomrudisha nyumbani mgonjwa ambaye vidole vyake, baada ya nusu saa katika maji ya vuguvugu, vimebaki laini.